Emin Pasha na Faraja ya Kutazama Viumbe

Mtu atokaye Mwanza mjini kwa njia ya Magu, baada ya mwendo usio mrefu hufika Kisesa. Nchi hiyo ni ya Wasukuma, watu wa ng'ombe na mashamba, na hapo karibu, Bujora, ipo nyumba ya makumbusho yao inayohifadhi ngoma za watemi wao wa zamani. Ziwa haliko mbali. Majabali makubwa yamepandana, jiwe juu ya jiwe, kama yaliyopangwa kwa mkono, na juu ya maji huruka furukombe na mnandi na mdiria. Mtu wa pwani aliyezoea bahari ya chumvi, yenye kupwa na kujaa, akiketi hapo asubuhi hustaajabu kuona maji matamu yaliyoenea hata macho yakachoka. Na ikiwa amekwenda na hamu zake, deni lisilolipika, au ugonjwa wa mtoto, au ugomvi wa ndugu, mara nyingi huona kifua chake kimepata nafasi na pumzi yake imetulia.

Faraja hii watu wameijua tangu zamani. Mwenye dhiki ya moyo akitazama mti, au maji, au ndege, akazingatia jinsi kilivyoumbwa, fikira zake huacha kuzunguka pahala pamoja kama ng'ombe aliyefungwa. Waganga wa zama hizi nao wamechunguza wakaona kuwa kutembea penye miti na maji hupunguza wasiwasi. Lakini faraja hii ina mpaka wake, kama dawa yo yote ilivyo na kipimo chake. Katika watu waliopita nchi hii ya kusini ya ziwa, yuko mmoja aliyeionja faraja hiyo miaka mingi na mpaka wake akaujua kwa taabu. Huyo ni Emin Pasha, aliyepita Usukuma mwaka 1889, akarudi tena kwenye ziwa hili mwaka 1890.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Jina lake la kwanza ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, nchi ya Silesia, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Leo mji huo umo katika Poland, nao huitwa Opole. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, mama yake akaolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa. Akalelewa katika mji wa Neisse. Alipokua akasoma utabibu katika vyuo vya Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu mwaka 1864. Lakini ruhusa ya serikali ya kufanya kazi ya utabibu hakuipata, na hivyo mlango wa riziki ukamfungia katika nchi yake mwenyewe.

Basi akaondoka kwao, akaenda Antivari, bandari ya Dola ya Uturuki katika bahari ya Adriatic, akawa tabibu wa karantini. Huko alijifunza Kituruki na lugha nyingine kadha wa kadha, kwani Mungu alimjaalia kushika lugha upesi. Baadaye akaingia katika utumishi wa liwali mmoja mkubwa wa Kituruki, Ismail Hakki Pasha, akawa tabibu wa nyumba yake. Liwali huyo akafa mwaka 1873. Tabibu akarudi kwao Neisse pamoja na mjane wa marehemu na watoto wake, na mjane yule akawaonyesha watu kuwa ndiye mkewe. Kisha mwaka 1875 akaondoka ghafula, akawaacha wote wale, wala hakurudi kwao tena.

Jambo hili ni doa katika maisha yake, wala halifichiki. Linamwonyesha mtu ambaye dhiki ikimbana dawa yake ni kukimbia. Alikimbia nchi yake, kisha akaikimbia nyumba aliyoitia mikononi mwake. Na mwenye kukimbia huchukua moyo wake pamoja naye, na ndani ya moyo huo imo dhiki ile ile.

KHARTOUM NA NDEGE WA KWANZA

Mwisho wa mwaka 1875 alionekana Khartoum, nchi ya Sudani, amevaa nguo za Kituruki na jina lake Mehmed Emin. Emin ni sawa na Amin, yaani mwaminifu. Watu wamekhitilafiana katika dini yake. Wako waliosema alisilimu kweli, na wako waliosema lilikuwa vazi tu. Siri ya moyo wa mja iko kwa Mola wake, na hapa hapana haja ya kumhukumu. Lakini jina lile lilikuwa kama deni juu ya mtu aliyewaacha watu wake, na miaka yake iliyobakia ilikuwa ni miaka ya kulilipa.

Huko Khartoum akatibu wagonjwa, na saa zilizosalia akazitumia katika kukusanya mimea, wadudu na ndege, akivipeleka kwa wataalamu wa Ulaya. Na ajabu ya mtu huyu ni kwamba macho yake yalikuwa dhaifu mno. Kitabu alikisogeza hata kikakaribia kugusa uso wake ndipo akaweza kukisoma. Ndege juu ya mti kwake alikuwa kivuli tu. Mara nyingi wengine ndio waliowinda, naye akampokea ndege mkononi, akamsogeza karibu na jicho, akatazama rangi ya kila unyoya, akampima mdomo na bawa na mguu, akamchuna kwa uangalifu, akaikausha ngozi, akaandika siku na pahala alipopatikana. Kazi hiyo haikubali haraka, na mwenye kuifanya hawezi wakati ule ule kuhesabu madhila ya jana na khofu ya kesho.

Wakati huo Jenerali Gordon, Mwingereza aliyetumikia serikali ya Misri, alikuwa akitawala Jimbo la Ikweta, ambalo Waarabu waliliita Khatti-l-Istiwa, kusini kabisa ya Sudani. Alipopata khabari za tabibu huyu alimwita, naye akafika Lado mwaka 1876. Gordon akamtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Mukama Kabarega wa Bunyoro, akafanya ujumbe kwa adabu na busara. Mwaka 1878 akafanywa gavana wa jimbo lote.

Katika ugavana wake hakuacha ndege zake. Dr. Gustav Hartlaub wa Bremen, mtaalamu mkubwa wa ndege, alipokea mizigo yake akaona humo ndege wasiopata kuandikwa katika vitabu. Shomoro mmoja wa rangi ya hudhurungi akapewa jina la Emin Bey mwaka 1880. Na ndege mwingine mdogo mwenye kichwa cha kijivu, aimbaye vichakani karibu na maji, jina lake la kitaalamu likawa Eminia. Ndege huyo yuko hata leo katika nchi za ziwa. Na panya buku, ambaye kila mtu wa Tanganyika amjua, mmoja wa jamaa zake ana jina la Emin katika vitabu vya wataalamu tangu mwaka 1910.

KUZUNGUKWA NA KUKATIKIWA NA NJIA

Mwaka 1881 alitokea Sudani Muhammad Ahmad aliyejiita Mahdi, na vita vikaenea. Mwaka 1884 jimbo la Bahr el Ghazal likaanguka, na Emin akaletewa waraka wa kumtaka asalimu amri. Januari 1885 Khartoum ikatekwa na Gordon akauawa. Emin akabaki peke yake na askari wake na makarani wake, na wake zao na watoto wao, njia ya mto imefungwa, hapana barua wala mshahara wala baruti mpya. Akaihama Lado akaenda kusini, akakaa Wadelai kando ya mto Nile.

Nguo zilipowaishia watu wakalima pamba wakafuma wenyewe. Askari wakanong'ona kwamba Khartoum haikuanguka, bali gavana anataka kuwauza. Katika hali kama hiyo mwenye moyo mwepesi hushindwa kula na kulala, na Emin alikuwa mtu wa moyo mwepesi. Jambo lililomzuia asivunjike ni ratiba yake. Alitibu wagonjwa, akasikiliza mashauri ya jimbo, akaandika joto na mvua na upepo wa siku, kisha akakaa na ndege zake na mimea yake. Barua alizozipeleka kwa rafiki zake zimejaa khabari hizo pamoja na khabari za dhiki. Mtu aliyekatikiwa na dunia nzima alikuwa akiandika juu ya unyoya wa bawa, na kwa unyoya huo akili yake ikapata pa kushika.

Mtu aliyekuwa tayari kukimbia siku zote safari hii hakukimbia. Rafiki yake Dr. Wilhelm Junker aliondoka mwaka 1886 akatokea pwani, lakini yeye Emin alikaa na watu wake.

STANLEY, NA MPAKA WA FARAJA

Khabari za Junker zilipofika Ulaya, Stanley akatumwa kwenda kumwokoa. Aliondoka Unguja Februari 1887 pamoja na Tippu Tip na wapagazi wengi wa Unguja, wakazunguka kwa bahari hata mdomo wa mto Kongo, wakapita msitu wa Ituri ambamo wengi walikufa kwa njaa. Tarehe 29 Aprili 1888 wakakutana na Emin kwenye Ziwa Albert. Naye aliyekuja kuokolewa alikuja kwa merikebu yake ya moshi, mavazi yake safi, akawapa waokozi chakula na nguo.

Hapo ndipo ulipoonekana mpaka wa faraja yake. Stanley alitaka jibu: kuondoka au kukaa. Emin hakuweza kulitoa. Akasema watu wake waulizwe, akangoja, akaahirisha, na meza yake ya ndege ikaendelea kama kawaida. Wenziwe waliona askari wake wamekwisha geuka mioyo, yeye hakuona. Agosti 1888 askari hao wakamkamata wakamfunga Dufile, na hakufunguliwa ila Novemba, majeshi ya Mahdi yalipokaribia na wao wenyewe wakaingiwa na khofu. Jicho lililojua kupambanua unyoya na unyoya halikupambanua nyuso za watu waliokaa naye miaka kumi. Wengi wamemlaumu kwa jambo hili, na lawama yao si ya bure. Kutazama viumbe kulimpa moyo wa kustahimili shida, lakini kulimpa vile vile pahala pa kujificha na shauri lililohitaji kukatwa.

KUPITA USUKUMA NA KUFIKA BAGAMOYO

Aprili 1889 msafara uliondoka Ziwa Albert, watu wapata 1,500 pamoja na wanawake na watoto. Emin alikuwa na binti yake mdogo, Ferida, ambaye mama yake, mwanamke wa Kihabeshi, alikuwa amekwisha kufa. Wakazunguka upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, na mwisho wa Agosti wakafika Usambiro, kusini ya ziwa, alipokuwapo mmisionari Alexander Mackay. Wakapumzika hapo siku 19.

Kisha wakaingia Usukuma, kusini ya Kisesa. Hitilafu ikazuka baina ya msafara na wenyeji, na kwa siku kadha wakapigana njiani. Wapagazi wa Unguja waliokuwa na mizigo ya chakula na baruti walistaajabu kumwona Pasha, katika safari hiyo ndefu, akiwapokea mende na ndege kama mtu apokeaye dhahabu, na Stanley mwenyewe alichukizwa. Lakini mtu aliyepoteza jimbo lake, na watu wake wakawa wanakufa njiani, labda hakuwa na kitu kingine cha kumshika mkono.

Tarehe 4 Desemba 1889 wakaingia Bagamoyo. Usiku ule ule, katika karamu ya kuwapokea, Emin ambaye haoni mbali alitoka kwenye roshani akaanguka chini, fuvu la kichwa chake likapasuka. Alipita khatari ya nyika na vita, akaanguka katika nyumba ya karamu. Akaugua kwa muda mrefu, kisha Mungu akamponya.

KURUDI ZIWANI

Watu walidhani atakwenda Ulaya kupumzika na kupewa heshima. Hakwenda. Akaingia katika utumishi wa Wajerumani, na Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo kwenda bara pamoja na Dr. Franz Stuhlmann, mtaalamu wa viumbe kama yeye. Wakapita Tabora, wakafika Busisi, kwenye ghuba ya Mwanza, pahala ambapo tangu mwaka 2025 lipo daraja kubwa la kuvukia kutoka Kigongo. Hapo Emin alikuwa tena katika nchi ya majabali na maji, ng'ambo ya ghuba kutoka upande wa Kisesa. Kutoka hapo akaenda magharibi ya ziwa, na Novemba 1890 akajenga boma la Bukoba, ambao leo ni mji.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa watu wake wa zamani waliobaki Ikweta. Wakubwa wake wakamtaka arudi, hakurudi. Mwaka 1891 akaondoka Bukoba akapita Karagwe kwenda Ziwa Albert, akawapata baadhi ya askari wake wa kale. Wengi wao wakakataa kumfuata. Kisha ukaingia ugonjwa wa ndui katika msafara.

Desemba 1891 Emin akakata shauri, naye ndiye aliyeitwa mtu asiyejua kukata shauri. Akamwamuru Stuhlmann awachukue wazima wote awarudishe Bukoba, ili ndui isiwamalize. Yeye mwenyewe akabaki na wagonjwa. Alikuwa na umri wa miaka 51, na macho yake yamekaribia kuwa kipofu. Yule aliyewaacha mjane na watoto Neisse, hapo hakumwacha hata mpagazi mwenye ndui. Jina la Amin alilolichukua Khartoum, ikiwa kuna siku alilolilipa, ni siku hiyo.

KUFA KWAKE

Mwaka 1892 akashika njia ya magharibi kwenda Kongo pamoja na wafanyi biashara wa Manyema, watu wa pembe na watumwa. Alipokuwa gavana aliwapinga wenye biashara hiyo, nao walikuwa na kisasi. Oktoba 1892 akafika kwa mkubwa mmoja aitwaye Kinena. Huko ikaletwa amri ya Kibonge, mmoja wa mabwana wa misafara wa upande wa Kongo, kwamba auawe.

Khabari zilizotolewa baadaye na wale waliokamatwa kwa kosa hilo ni hizi. Askari wake waliambiwa waende mashambani wakachukue ndizi na muhogo, wakaziacha bunduki zao. Emin alikuwa ameketi barazani mbele ya meza yake, anaandika, na mbele yake wamewekwa ndege na mimea aliyoikusanya. Wakamkamata kwenye kiti chake, wakamwonyesha amri, wakamwua. Kibonge naye baadaye alihukumiwa na serikali ya Kongo akauawa. Wamo katika watu wa misafara ile waliosema lugha ya pwani na kujiita waungwana, na msomaji wa pwani asilifiche hilo: tamaa ya mali iliua mzee karibu kipofu aliyekuwa akiandika khabari za ndege.

MAZINGATIO

Mtu huyu hakuwa walii wala shujaa mkamilifu. Alikuwa mtu mwenye wasiwasi aliyepata dawa. Dawa yake haikuwa ghali: ni kuondoa macho juu ya nafsi yake na kuyaweka juu ya kiumbe kingine, kila siku, kwa utulivu, hata kama ni mdudu mmoja. Wala hakupewa macho mazuri. Alitazama kwa karibu kile kilichofika mkononi mwake. Mwenye kusema kuwa hana nafasi wala bustani wala safari ya mbali, na amkumbuke Emin Wadelai.

Lakini pia akumbuke Ziwa Albert. Kivuli cha mti ni neema kwa msafiri, ila msafiri akilala hapo hata jua likazama, mti ule umemzuia asifike. Emin alipokaa mno chini ya kivuli chake, jimbo lilimponyoka na watu wake wakamgeuka. Alipoinuka akabaki na wagonjwa wa ndui, ndipo faraja ile ilipokuwa kamili, kwani ilimpa nguvu ya kutenda lile lililompasa.

Mwenye dhiki akipata safari ya bara, na afike Kisesa, aketi juu ya jabali asubuhi, awatazame furukombe na mnandi hata moyo wake utulie. Kisha ainuke, arudi akalipe deni lake, akamtibu mtoto wake, akapatane na ndugu yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.